Tulikuonea Huruma Tu

Hapa Uganda tarehe 8 Machi ni sikukuu. Ofisi hufungwa, redio huhutubia tangu alfajiri, na siku moja kabla yake, katika kampuni niliyoanzia kazi, sisi wanawake tulikuwa tunakatiwa keki. Keki nzuri, sikatai, yenye krimu ya zambarau na maandishi ya kututukuza. Ila keki hiyo tulikuwa tunaiagiza wenyewe. Aliyempigia mwokaji simu ni mwanamke, aliyepita meza kwa meza kukusanya mchango ni mwanamke, na visahani vilioshwa na nani sihitaji kusema. Mwaka mmoja hotuba ya kutushukuru iliandikwa na karani wa mkurugenzi, binti mdogo, na mzee akaisoma kwa hisia kali huku mwandishi wake yuko jikoni anatafuta kisu.

Nilicheka siku hiyo, na nacheka hata leo. Lakini ukitaka kujua kwa nini mwanamke na mwanamume huingia kampuni wakati mmoja, vyeti sawasawa, na baada ya miaka kumi mmoja ana ofisi yenye mlango na mwingine bado anagawana meza na mashine ya kuchapisha, usianze kwa kutafuta adui. Mimi sikuwahi kuwa na bosi aliyenichukia. Nilikuwa na mabosi walionipenda, walioniuliza hali ya watoto, walionihurumia. Huruma hiyo ndiyo ninayotaka kuisema leo.

Mimi ni mtoto wa Malaba, upande wa Uganda. Mama alikuwa na kibanda cha chai karibu na maegesho ya malori, kwa hiyo kabla sijajua kusoma nilishajua kumtajia bei ya chapati Mkamba, Msomali na Mswahili wa Mombasa. Kiteso cha nyumbani, Kiswahili cha barabarani, Kiingereza cha shule, na Kiganda nilikikuta ukubwani. Kampala nilikuja kusoma, nikabaki kwa kazi: kampuni ya wakala wa forodha, maeneo ya Nakawa, wale watu wanaokutolea kontena lako bandarini na kulifikisha mlangoni kwako.

Kiswahili changu kikanipa kazi ambayo haikuwemo kwenye barua yangu ya ajira. Kampala wengi wanakiogopa. Watu wazima wanakikumbuka kikisemwa na wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, enzi zile. Vijana wanakisikia vizuri tu ila wanaona haya kukifungulia mdomo. Katiba inakitaja kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, sawa, lakini simu ya dereva saa nane za usiku haipokelewi na katiba.

Dereva anapiga. "Mama, nimeshikwa hapa Gilgil mizani, wanasema ekseli ya nyuma imezidi." Mwingine gari limemzimikia Mai Mahiu na taniboi ametoroka na jeki. Mwingine yuko Webuye, sili ya kielektroniki imetuma ishara kwamba mlango wa kontena umeguswa, watu wa forodha wanataka maelezo, na yeye anaapa kwa jina la mama yake kwamba hajagusa kitu. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni kilomita zaidi ya 900, na njia nzima haikosi mtu wa kubembelezwa. Ukitaka kumsaidia dereva lazima kwanza umjulie hali, umuulize kama amekula, umpe pole, halafu ndipo mzungumze habari ya mzigo. Ukianza na mzigo anakuzimia simu. Hilo nililijua tangu kibandani kwa mama, hakuna aliyenifundisha ofisini.

Tangu mwaka 2014, ilipoanza Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Entri, yaani tamko la mzigo kwa watu wa forodha, inaingizwa kwenye mfumo huku Kampala, inakaguliwa, inapita. Wenzangu wa dawati la entri walikuwa wakiona imepita wanafunga kompyuta na kwenda zao. Entri imepita, lori halijapita.

Basi lori likawa langu. Simu yangu, salio langu, usingizi wangu. Kontena likichelewa kurudishwa tupu bandarini, wenye meli wanatoza demareji, kwa dola, na kila siku inahesabiwa, kwa hiyo simu moja iliyopokelewa usiku ilikuwa inaiokolea kampuni pesa ambazo asubuhi hakuna aliyeziona, kwa kuwa pesa isiyotoka haina risiti. Mkutanoni bosi alikuwa anasema "kazi nzuri, timu", kisha anamtaja kwa jina kijana wa entri, maana entri ina namba, ina saa, na mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unaonyesha nani aliiingiza. Simu ya usiku haina namba. Kwenye tathmini yangu ya mwisho wa mwaka waliandika: "Anashirikiana vizuri na wenzake." Walikuwa wameniandikia hivyohivyo mwaka uliotangulia.

Ilipofika 2020, korona ikaingia, madereva wakaanza kupimwa mpakani, na foleni ya malori upande wa Kenya ikarefuka makumi ya kilomita. Shule zetu zilifungwa Machi mwaka huo, na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Mwenye watoto nyumbani anajua miaka ile ilikuwaje. Nilikuwa napokea simu za madereva huku mtoto mmoja mgonjwa yuko mgongoni na mwingine ananionyesha hesabu za kugawanya. Nikapata mimba katikati ya yote hayo, maana maisha hayasubiri foleni iishe.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama mzazi siku 60 za kazi kwa malipo kamili, na baba siku 4. (Siku 4. Mume wangu alizitumia mbili akitafuta karatasi za hospitali.) Inasema pia kwamba mama ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au kwenye kazi nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Soma taratibu ukifika pale penye "au".

Nilipokwenda likizo, simu za madereva alikabidhiwa kijana mmoja aliyekulia Nairobi. Mchapakazi, mcheshi, sina neno naye mpaka leo. Haikuchukua muda akaenda kwa bosi akasema hawezi kupokea simu za usiku kwa salio lake mwenyewe. Akapewa posho ya simu. Akasema hawezi kuwatuliza watu asiowajua hata kwa sura. Akapelekwa Mombasa, akalala hotelini, akatembezwa bandarini, akala samaki. Akasema madereva na watu wa mizani wanamuuliza yeye ni nani. Akatungiwa cheo, Msimamizi wa Mizigo Safarini, na kadi za kugawa. Nilirudi kazini maziwa yakinivuja kifuani, nikakuta kazi yangu ina jina, ina posho, ina meza, na vyote ni vya mtu mwingine.

Kuwa mkweli, yule kijana hakufanya kosa lolote. Aliomba kila kitu ambacho mtu mwenye akili angeomba. Na mimi sikuomba kwa sababu kila mtu, nami nikiwemo, aliichukulia ile kazi kama tabia yangu, kama vile kucheka au kuchelewa kulala.

Nilimfuata bosi. Hakukasirika hata kidogo. Alinivutia kiti, akauliza mtoto anaitwa nani, akatabasamu kwa jina. Halafu akaniambia: "Mama, sisi tulikuonea huruma tu. Una kichanga. Simu za usiku, safari za Mombasa… mzee nyumbani angesemaje?"

Mzee nyumbani hakuulizwa. Mimi mwenyewe sikuulizwa. Kazi niliyoifanya bure nikiwa na mimba ya miezi minane ilikuja kuwa nzito mno kwangu siku ilipoanza kulipwa.

Nikapewa hiyo "nyingine inayofaa": kabati la mafaili, kupanga entri za miaka ya nyuma wasije wakaguzi wa URA wakazikosa. Mshahara uleule. Ukimwonyesha mwanasheria atakwambia masharti hayakushuka. Na cha kuchekesha, madereva hawakumkubali yule kijana upesi, kwa hiyo usiku waliendelea kunipigia mimi, na asubuhi nilikuwa nampa yeye taarifa ili aisome mkutanoni.

Miezi hiyohiyo kampuni ilitupeleka wanawake semina, hoteli nzuri ya Kampala, chai ya saa nne yenye samosa. Mkufunzi alituorodheshea tabia zetu zinazoturudisha nyuma. Tunaomba radhi kila tunapofungua mdomo. Tunangoja kuonekana badala ya kujinadi. Tunataka kila kitu kikamilike ndipo tuombe cheo, wakati mwanamume anaomba akiwa na nusu. Hatujui kusema hapana. Mengine ni kweli kabisa, na niliyaandika. Lakini nilitazama ukumbi: wanawake tupu. Mabosi zetu walikuwa ofisini. Ikawa sisi ndio wenye tabia, na wao ndio wenye kazi.

Kuhusu hilo la kusema hapana, baadaye nilikutana na utafiti ulionituliza moyo. Mwaka 2017 wachumi wa vyuo vya Marekani Linda Babcock na Lise Vesterlund, pamoja na wenzao, walichapisha jaribio rahisi. Watu watatu wasiojuana wanakaa kila mmoja mbele ya kompyuta yake, na mmoja wao lazima abonyeze kitufe kabla ya muda kwisha. Asipobonyeza mtu, wote wanapata pesa kidogo. Akibonyeza mmoja, wote wanapata zaidi, ila yeye anapata pungufu kuliko wenzake. Ndiyo minitsi hizo, kumbukumbu za mkutano, ndiyo keki ya Machi. Katika makundi yaliyochanganyika, wanawake walibonyeza kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Mtu wa nne alipopewa mamlaka ya kumwomba mmoja ajitolee, wanawake waliombwa kwa asilimia 44 zaidi, na aliyeomba akiwa mwanamke au mwanamume haikuleta tofauti. Na kati ya walioombwa, wanawake walikubali mara 76 katika 100, wanaume mara 51.

Lakini kipande ninachokipenda ni hiki: kundi likiwa la wanaume watupu, kitufe kilibonyezwa kama kawaida. Hawashindwi. Wanajua vizuri kilipo. Wanangoja tu kuona kama kuna mwanamke chumbani. Mimi nimewahi kuliona hilo gerejini kwetu, ambako hakuna mwanamke hata mmoja: chai inachemka saa nne kamili, vikombe safi, na kuna zamu iliyoandikwa ukutani kwa chaki.

Hapa nitagusa jambo ambalo najua litaniletea maneno. Buganda, na Busoga pia, mwanamke hupiga magoti akisalimia wakubwa. Ni adabu ya watu na sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nimepiga magoti kwenye kwanjula za marafiki, zile sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, gomesi, lile gauni refu la heshima, likinibana, na sikupungukiwa na kitu. Ugomvi wangu unaanza pale magoti yanapoingia na karatasi za kazi.

Binti mmoja wa hesabu aligundua kwamba bili ya gereji imeandikwa mara mbili, lori lilelile, matairi yaleyale. Akachapisha taarifa, akaingia kwa mkurugenzi, akapiga magoti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Wakasalimiana, ile salamu ndefu ya Kiganda inayopita kwa watu wa nyumbani na kurudi. Mkurugenzi akamshukuru, akaiweka karatasi juu ya rundo. Binti akainuka, akatoka, bili mbili bado ziko kichwani mwake. Nilimuuliza mbona hukusema. Akanijibu, "Ningeanzia wapi, nnyabo, nikiwa pale chini?" Baada ya siku chache mwenzake wa kiume aliingia na jambo hilohilo, akaegemeza mkono mezani, akasema, "Ssebo, hapa kuna shida," na akasifiwa kwamba ana jicho kali. Aliyeiona kwanza ilibidi nimtaje mimi, na nilipomtaja nilionekana nachonganisha.

Ninapokaa sasa, kwenye kampuni nyingine, kuna viti viwili mbele ya meza yangu na karatasi hazipokelewi mtu akiwa amesimama au amepiga magoti. Anayetaka kusalimia kwa magoti asalimie mlangoni, nitaitika vizuri na sitamharakisha. Kisha aketi, ndipo tuzungumze hesabu. Mama mmoja anayetufanyia usafi aliniambia kwamba hayo ni mambo yetu ya mpakani, hatukufundwa. Huenda. Nilimkaribisha kwenye kiti, akakataa, tukacheka wote.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu kila mfanyakazi wa Kampala anayajua. Mfuko wa msiba wa ofisi, munno mukabi wetu, mweka hazina wake ni mwanamke siku zote, na hajawahi kupotea hata senti. Ila bajeti ya mafuta ya malori ikitafutiwa mtu, inasemwa inahitaji mtu mgumu. Hivyo tunaaminiwa pesa za maiti tu.

Halafu kuna kafunda, kilabu kidogo cha mtaani. Alhamisi jioni, nyama ya nguruwe na bia, mkurugenzi ana kiti chake pale na wanaomzunguka wana vyao. Hakuna aliyetukataza kwenda. Lakini mimi nikitoka ofisini jioni nina Barabara ya Jinja yote mbele yangu hadi Seeta, taksi imesimama palepale, na msaidizi wa nyumbani anataka kuondoka. Na mwanamke akikaa kafunda hadi usiku, kesho yake anatajwa kwa mengine. Ijumaa asubuhi unakuta imeshaamuliwa nani anakwenda Mombasa, nani analipiwa kusomea cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, nani anachukua mteja mpya wa saruji. Tulikuwa na mwenzetu Mnubi wa Bombo, Mwislamu anayeshika dini yake. Naye hakwenda kafunda, naye alikaa kwenye meza ileile miaka yote aliyokuwa nasi. Kwa hiyo nisiseme ni mambo ya wanawake peke yao.

Ukiyasema haya mbele ya wanaume wa biashara yetu wana jibu lililo tayari: wanawake mnataka nini tena? Na kwa kweli orodha yao ni ndefu. Specioza Wandira Kazibwe alikuwa makamu wa rais tangu 1994, wa kwanza mwanamke Afrika. Rebecca Kadaga aliongoza Bunge kuanzia 2011 hadi 2021. Mwaka 2021 tukapata makamu wa rais na waziri mkuu kwa mpigo, Jessica Alupo na Robinah Nabbanja. Na sisi wa forodha ndio kabisa, kwa sababu URA yenyewe, ambayo wanaume wote wa biashara hii wanaiogopa, iliongozwa na Allen Kagina kuanzia 2004 hadi 2014, akamwachia Doris Akol hadi 2020. Miaka kumi na sita mfululizo.

Ni kweli yote. Lakini kamishna mkuu huteuliwa kwa barua na gazeti linaandika. Mimi nazungumzia ile ngazi ya kutoka ukarani kwenda usimamizi, ambayo haina barua wala gazeti, inaamuliwa nguruwe akiwa motoni. Pale ndipo wengi wetu tunaposimama na kuzeeka. Mwanamke mmoja kufika juu ya jumba hakusemi chochote kuhusu ngazi za chini.

Na ukipanda, kuna "moja nukta tano". Tangu 1990 wasichana huongezewa pointi 1.5 wanapoomba vyuo vikuu vya serikali, na wanaume wa rika langu hawajaisahau. Nilipopata cheo, mtu alinipongeza kwa kuniuliza kama nayo ilikuwa na moja nukta tano. Nilimwambia mizani ya Gilgil haijawahi kunipunguzia kilo.

Cheo chenyewe nilikipataje? Kwa daftari. Lile kabati la mafaili lilinipa muda wa kukaa, nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika kila simu ya usiku: tarehe, saa, mahali, tatizo, nani nilimpigia, saa ngapi gari liliondoka. Pembeni niliandika demareji ingekuwa kiasi gani kama gari lingelala pale mpaka asubuhi. Wakati wa tathmini nikaliweka mezani kwa bosi. Alilifunua kurasa nyingi, nadhani alishangaa kweli. Akalifunga, akasema, "Lakini hii si kazi yako rasmi, mama. Usijichoshe."

Alinifanyia wema kuliko alivyojua. Mwaka 2022 niliomba kazi kampuni nyingine, nikafuta majina ya wateja, nikaenda na nakala ya lile daftari kwenye usaili. Hawakuniuliza kama nimeolewa. Mmoja wao aliuliza swali moja tu la maana, jinsi nilivyolitoa lile gari la Webuye lenye sili, tukalizungumza mpaka chai ikapoa. Sasa mimi ndiye msimamizi wa operesheni huko, na ninakaa kwenye kiti ambacho tabia zote nilizozitaja zinaonekana vizuri zaidi, pamoja na jinsi zilivyo tamu kwa aliyekikalia. Hata mimi nikisema "nani ataandika minitsi?" macho ya chumba kizima yanakwenda kwa wale mabinti wawili, na ya kwangu yanataka kuyafuata.

Kwa hiyo siulizi. Minitsi zina zamu, kwa mpangilio wa meza, kuanzia mlangoni. Mara ya kwanza zamu ilipomfikia dereva mkuu wetu alileta mistari mitatu: tulikutana, tulizungumza, tukaachana. Nilizisoma mbele ya wote kama zilivyo, na tukazipitisha. Safari iliyofuata aliandika ukurasa mzima.

Mikutano niliihamishia saa tatu asubuhi. Jambo likizungumzwa kafunda, linarudi mezani upya au halijazungumzwa. Hili halijafaulu sana, niseme ukweli. Wakurugenzi wana kiu yao na mimi si askari. Ila likizo ya uzazi nimeishika kwa mikono yote miwili. Karani wetu mmoja anakwenda kujifungua mwezi huu. Tuliketi naye tukaandika kila anachofanya, hata vile vitu ambavyo yeye mwenyewe alisema "hicho si kazi, nasaidia tu". Vilikuwa vingi kuliko vilivyo kwenye barua yake ya ajira. Kila kimoja kikapewa mtu wa kukikaimu, na neno "kwa muda" limeandikwa kwenye kila mstari. Mkurugenzi aliuliza kama hatuaminiani. Nikamwambia tunaaminiana, ndiyo maana hakutakuwa na shida kutia saini. Akatia.

Na simu za usiku? Hizo nazo zina zamu siku hizi. Wiki hii iliangukia kwa bwana mmoja wa dawati la entri, mtu wa makamo, Kiswahili chake cha kubahatisha lakini anajikongoja, madereva wanamcheka na kumrekebisha. Siku ya pili yake tu alikuja amevimba macho. Akasema mkewe amelalamika, salio limekwisha, na kampuni ni lazima itoe posho, kwa sababu hii ni kazi kabisa, si utani.

Nilimwambia aandike barua. Aliiandika siku hiyohiyo, Kiingereza kikali, nakala kwa rasilimali watu. Iko kwa mkurugenzi tangu Jumanne. Nimeiunga mkono kwa maandishi na kuongeza ombi moja: posho hiyo iandikwe kwa jina la zamu, isiandikwe kwa jina lake.